Nguvu ilibaki sebuleni

Februari 1996 maduka ya Japani yalipokea kaseti mbili za gemu mpya iliyoitwa Pokémon, moja nyekundu na nyingine kijani. Zilitengenezwa kwa ajili ya Game Boy, mashine ya mkononi iliyokuwa imekaa sokoni karibu miaka 7, yenye kioo kidogo kisicho na taa wala rangi. Wakati huo Sony ilikuwa imeshatoa PlayStation, na miezi minne baadaye Nintendo yenyewe, wenye Game Boy, walileta Nintendo 64, konsoli ya sebuleni iliyochora ulimwengu wa pande tatu kwenye runinga. Kwa hesabu ya nguvu, Game Boy ilitakiwa iwe imeshazikwa. Badala yake kaseti hizo mbili, pamoja na ya buluu iliyofuata, ziliuza zaidi ya nakala milioni 30 duniani. Nintendo 64, kwa umri wake wote, haikufika mashine milioni 33.

Jambo hili limejirudia kwa miaka 45, na kila mara hutokea watu wanaolieleza kama bahati, au kama kosa la wanunuzi wasiojua mashine nzuri. Siamini hivyo. Wanunuzi walikuwa wanapima kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi: mashine hii itakuwa mikononi mwangu kwa muda gani kila siku? Konsoli ya sebuleni inategemea runinga, na runinga ina wenyewe. Baba anataka taarifa ya habari, dada anasubiri tamthilia, mgeni amekuja, au usiku umekuwa mwingi na watu wanataka kulala. Mashine dhaifu iliyo huru saa zote humpa mchezaji mengi kuliko ile yenye nguvu inayongoja zamu.

Aliyelielewa hili mapema na kwa undani, na anayestahili kutajwa kuliko anavyotajwa, ni Gunpei Yokoi. Alizaliwa Kyoto mwaka 1941, akasomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, kampuni ya mji uleule iliyoanzishwa mwaka 1889 kutengeneza karata za hanafuda. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya karata. Haikumshughulisha siku nzima, akawa anajiundia vitu vya kuchezea. Siku rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipomkuta na mkono wa bandia unaorefuka na kukamata vitu vya mbali, hakumkaripia, bali alimwagiza aufanye bidhaa. Mkono huo, Ultra Hand, uliingia madukani mwaka 1966 na kuuza zaidi ya milioni moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Yokoi alikuwa ndani ya treni ya kasi, Shinkansen, akamwona abiria aliyechoka na safari akibonyezabonyeza kalkuleta ili kupoteza muda. Hapo akapata wazo la gemu ndogo ya kuchezea safarini. Kwangu kinachovutia zaidi ni alichokifanya na wazo lenyewe. Alijua kuwa mtu mzima aliyevaa suti angeona haya kucheza mbele ya watu. Kwa hiyo alikibuni kifaa kiwe chembamba na kipana, ili aliyekaa akishike kwa mikono miwili mapajani, vidole gumba vikifanya kazi bila kuvuta macho ya jirani. Kiliongezwa saa, ili kiwe na kazi nyingine pia. Ubunifu wote ulianza na mtu aliyekaa kitini, mahali alipo na aibu aliyonayo. Chipu zilifuata baadaye.

Nazo chipu zenyewe zilikuwa za kawaida kabisa. Kwa miaka mingi Sharp na Casio walikuwa wamepigana vita vya bei za kalkuleta, na vioo vidogo vya kalkuleta vikawa rahisi mno. Yokoi alimsimulia Yamauchi wazo lake siku alipokuwa akimwendesha kwenye gari, na haukupita muda mrefu watu wa Sharp wakaja mezani. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch ya kwanza, iliyoitwa Ball. Familia hiyo ya vifaa iliuza zaidi ya milioni 43, na ile ya Donkey Kong ya mwaka 1982, inayokunjwa na yenye vioo viwili, ndiyo iliyoleta kitufe cha msalaba ambacho hadi leo hakikosekani kwenye pedi za gemu.

Falsafa aliyoiacha inaelezeka kwa maneno machache. Chukua teknolojia iliyokwisha kukomaa, ambayo bei yake imeshuka na kasoro zake zinajulikana, kisha uitafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Usikimbilie kipya cha ghali.

Game Boy ilizaliwa na falsafa hiyo. Ilitoka Japani tarehe 21 Aprili 1989 na kufika Marekani miezi mitatu baadaye kwa karibu dola 90. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 144 na rangi nne tu, zote za kijanikijani. Ilimeza betri nne ndogo, na betri hizo zilidumu zaidi ya saa 10. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx: kioo cha rangi chenye taa, mashine ya kisasa kwelikweli, kwa karibu dola 180. Mwaka uliofuata Sega ikaja na Game Gear, nayo ya rangi na taa. Ukiziweka tatu hizo kwenye kabati la duka, Game Boy ilionekana maskini. Inasimuliwa kwamba Yokoi alipoletewa habari za mashine ya mpinzani aliuliza swali moja tu, kama ina rangi. Aliposikia inayo, akatulia.

Alitulia kwa sababu ya betri. Lynx ilitaka betri sita, na Game Gear sita, na zote zilimalizika baada ya saa chache, takriban tatu hadi tano. Yeyote aliyewahi kusikiliza mpira kwenye redio ya betri anajua uchungu wa sauti kufifia kabla ya dakika ya 90. Mzazi aliyenunua Game Gear aligundua ndani ya wiki moja kuwa hajamaliza kulipa. Hivyo mashine iliyojisifu kuwa ya kubebwa ikaishia kuchomekwa ukutani, na haikuwa tena na tofauti kubwa na konsoli ya nyumbani, isipokuwa udogo wa kioo. Kwa hiyo ndani ya gemu za mkononi zenyewe mashindano yaleyale yalichezwa upya, na aliyefuata nguvu akashindwa tena. Game Gear iliuza takriban milioni 10. Game Boy pamoja na Game Boy Color iliyoifuata ziliuza karibu milioni 119.

Gemu ya Tetris nayo ilichangia sana mafanikio hayo. Alexey Pajitnov aliitunga Moscow mwaka 1984, na mwanzoni mwa 1989 mfanyabiashara wa gemu Henk Rogers alisafiri hadi Moscow kutafuta haki za kuiuza kwenye mashine za mkononi kutoka Elorg, shirika la serikali ya Kisovieti. Rogers aliwashawishi Nintendo kwamba gemu ya Mario ingewavutia wavulana, lakini Tetris ingemvutia kila mtu. Marekani ikauzwa ndani ya boksi moja na mashine. Haikuhitaji rangi, na mchezo mmoja uliweza kuisha kabla ya kituo kinachofuata. Mwaka 1993 mwanaanga wa Urusi Aleksandr Serebrov alipanda na Game Boy yenye Tetris hadi kituo cha anga cha Mir. Game Boy nyingine, iliyoungua katika vita vya Ghuba, iliwekwa kwenye duka la Nintendo huko New York ikiwa imebabuka ganda lakini bado inaonyesha Tetris.

Yokoi hakuishi kuona matunda yote. Mashine yake ya Virtual Boy ya mwaka 1995 ilionyesha picha nyekundu tu na ilihitaji meza ya kuwekwa; haikubebeka wala haikustahili sebule, ikafa upesi. Aliondoka Nintendo mwaka 1996 na akafariki katika ajali ya barabarani Oktoba 1997, akiwa na miaka 56. WonderSwan, aliyoibuni kwa ajili ya Bandai, ilitoka mwaka 1999 ikiendeshwa kwa betri moja tu.

Sony iliingia uwanjani Desemba 2004 na PSP. Ilikuwa mashine nzuri sana: kioo kipana, gemu zilizokaribia zile za PlayStation 2, filamu na muziki. Siku chache kabla yake, Nintendo walikuwa wametoa DS yenye vioo viwili vidogo, kimoja cha kugusa. DS iliwavuta hata wazee, kwa gemu ya kunoa akili iliyobeba jina la profesa Ryuta Kawashima, na ikauza milioni 154. PSP iliuza takriban nusu ya hapo. Si aibu hata kidogo. Lakini tazama ni wapi PSP ilipendwa zaidi: Japani, kwa sababu ya Monster Hunter, gemu iliyowakusanya vijana wanne wanne kwenye meza za migahawa, kila mmoja na mashine yake, wakiwinda pamoja. Kilichowaita pale ni ukaribu, ambao konsoli ya sebuleni isingeweza kuwapa bila kuwaalika wote kwenye nyumba ya mtu. Mrithi wake, PS Vita wa mwaka 2011, alikuwa na nguvu zaidi, akaja na kadi za kuhifadhia data za ghali ambazo hazikutumika kwenye kifaa kingine chochote. Kufikia hapo simu zilikuwa zimeshajaa mifukoni. PS Vita hakupona.

Huku Afrika Mashariki konsoli ya nyumbani kwa wengi haikuwahi kukaa nyumbani. Ilikaa kibandani: PlayStation mbili tatu, TV za chogo, vijana wanalipia kwa mechi, na umeme ukikatika mechi imekufa. Gemu iliyokuwa ya mtu binafsi kweli ilikuwa ya nyoka kwenye Nokia. Taneli Armanto wa Finland aliiandika kwa ajili ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, na sisi wengi tuliijua kupitia Nokia ya tochi, ile 1100 iliyotoka mwaka 2003. Ilichezwa kwenye foleni ya hospitali na kwenye daladala iliyokwama. Hakuna aliyeilinganisha na ya kibandani. Leo vijana walewale na wadogo zao wanacheza soka kwenye simu za Tecno na Infinix, na wanaponunua simu swali la chaji huulizwa mapema.

Nintendo wenyewe walichelewa kujifunza kutoka kwenye historia yao. Kwa miaka walitengeneza familia mbili za mashine, na ile ya mkononi mara nyingi ndiyo iliyobeba kampuni: Game Boy Advance iliuza zaidi ya milioni 81 huku GameCube ya sebuleni ikiishia karibu milioni 22, 3DS karibu milioni 76, Wii U chini ya milioni 14. Mwaka 2013, chini ya rais wao Satoru Iwata, idara mbili zilizounda mashine hizo ziliunganishwa. Iwata alifariki Julai 2015. Tarehe 3 Machi 2017 ikatoka Switch, mashine unayoichomoa kwenye runinga na kuondoka nayo. Ndani ilikuwa na chipu ya Nvidia iliyokwisha kuuzwa tangu 2015. Miezi michache baadaye Microsoft walileta Xbox One X wakiinadi kama konsoli yenye nguvu kuliko zote. Switch imeuza zaidi ya milioni 150.

Mfano unaonishawishi zaidi ni gemu ya The Witcher 3. Ilitoka mwaka 2015 kwenye konsoli kubwa ikisifiwa kwa uzuri wa picha. Oktoba 2019 ikabanwa hadi ikaenea kwenye kaseti ya Switch, nyasi zikapungua, sura zikawa na ukungu. Watu waliokwisha kuimaliza kwenye runinga waliilipia tena ili waicheze kitandani. Walijua kabisa wanapoteza nini. Valve, kampuni ya gemu za kompyuta, nao wakaelewa: Steam Deck ya mwaka 2022 iliwalenga watu waliokuwa na gemu zao kwenye kompyuta tayari, na kuwapa njia ya kuziondoa mezani.

Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 na kuuza zaidi ya milioni 3.5 kwa siku nne. Ina nguvu nyingi kuliko ya kwanza. Lakini Marekani ilianza kuuzwa dola 450 wakati ya kwanza ilianza kwa 300, na kwa maelezo ya Nintendo wenyewe betri hudumu takriban saa 2 hadi 6 na nusu. Saa mbili ni pungufu ya Game Gear. Naiona kampuni ikielekea upande ule ambao Yokoi aliukataa, na inanisikitisha. Wanaofuata njia yake sasa wako China: watengenezaji kama Anbernic na Miyoo, wanaounda mashine ndogo za chini ya dola 100 kwa chipu zilizokwisha kuwa rahisi, zinazoingia mfukoni na kucheza gemu za zama za Game Boy bila taabu.