Bima ya Afya ya Umma kwa Wakazi Wazee wa Kigeni: Meru na Embu

Bima ya afya ya umma kwa wakazi wazee wa kigeni ni jumla ya sheria, hazina na taratibu zinazoamua kama mtu mwenye umri mkubwa, anayeishi katika nchi ambayo yeye si raia wake, atatibiwa kwa fedha za mfuko wa pamoja au kwa fedha zake mwenyewe. Katika kaunti za Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, suala hilo lina pande mbili ambazo kwa kawaida huandikwa kana kwamba hazihusiani. Upande wa kwanza ni wa wamisionari, wataalamu wastaafu na wenzi wa ndoa kutoka nchi nyingine waliozeekea huko, na wa pili ni wa wazee wa Kimeru, Kiembu na Kimbeere waliohamia kwa watoto wao Uingereza, Marekani, Kanada au Italia. Kinachoziunganisha pande hizo ni kwamba pensheni huvuka mpaka wa nchi pamoja na mwenyewe, lakini bima ya afya ya umma, isipokuwa pale penye mkataba maalumu baina ya serikali, hubaki ilikokatwa.

Umri wa uzee haupimwi kwa kipimo kimoja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 260, humhesabu mzee kuwa mtu aliyepita miaka 60, ilhali mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, huanzia miaka 70, na bima ya wazee ya Marekani iitwayo Medicare huanzia 65. Sheria ya sasa ya bima ya afya ya jamii nchini Kenya haimfungii mtu mlango kwa sababu ya umri, jambo ambalo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kampuni nyingi za bima za kibinafsi hukataa kumwandikisha mteja mpya akishafika miaka 65 hivi, au humkubali kwa malipo yanayopanda kila mwaka na kwa kuyaacha nje maradhi aliyokuja nayo.

Wageni wa kwanza kuzeeka katika eneo hili kwa idadi ya kutajika walikuwa watu wa misheni, na hao ndio walioleta hospitali zenyewe. Shirika la Kianglikana la CMS lilifungua kituo cha Kigari, Embu, mwaka 1910 chini ya daktari kutoka Kanada, T. W. W. Crawford, Wamethodisti walikita Kaaga mnamo 1912, kisha wakajenga hospitali ya Maua huko Igembe mwishoni mwa miaka ya 1920, Wapresbiteri wa Uskoti walimtuma Dakta Clive Irvine huko Chogoria mwaka 1922, mahali ambapo leo ni Tharaka-Nithi lakini ambapo wagonjwa wa Meru na Embu hawajaacha kupaendea, na Wakonsolata wa Torino, waliofika Kenya mwaka 1902, waliacha hospitali za Nkubu kwa upande wa Meru na Kyeni kwa upande wa Embu. Wengine walikaa muda mrefu kuliko maofisa wa kikoloni waliowakuta. Bruda Giuseppe Argese, Mkonsolata aliyebuni mradi wa maji wa Tuuru unaokinga maji ya msitu wa Nyambene na kuyapeleka kwa mabomba hadi nyanda kavu za chini, aliishi huko kwa zaidi ya nusu karne na wenyeji wakampa jina la Mukiri, yaani mkimya. Watu wa namna hii walitunzwa na mashirika yao, ambayo yalikuwa na nyumba za wagonjwa na wazee Nairobi, Nyeri au Ulaya, na kwa hiyo serikali haikulazimika kujiuliza mgeni mzee ni wa nani hadi mashirika hayo yalipopungukiwa na vijana wa kuwatunza wazee wao.

Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1966, haikuwa na nafasi kubwa kwa watu hao. Ilianza kwa kuwakata waajiriwa waliopata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, na ilimtambua mchangiaji kwa kigezo cha kuwa mkazi wa kawaida wa Kenya, si kwa uraia, hivyo mwalimu au daktari Mwingereza aliyeajiriwa Meru alikatwa kama mwenzake Mkenya. Lakini mtawa hana mshahara, na mstaafu hana mwajiri. Kwao ilibaki njia ya uanachama wa hiari, ambayo kuanzia mwaka 2015 iligharimu shilingi 500 kwa mwezi bila kujali umri wala utajiri, kiasi ambacho kwa mzee mwenye pensheni ya Ulaya kilikuwa kidogo mno kulinganisha na alichoweza kukitumia hospitalini. Hazina iliyokusanya kiasi hicho kwa mzee mgonjwa na kwa kijana mzima vilevile isingeweza kukaa sawa bila kijana huyo kuendelea kulipa, naye mara nyingi hakuendelea.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, Namba 16 ya mwaka 2023, iliivunja NHIF na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayojulikana na wote kama SHA, pamoja na hazina tatu: ya huduma za msingi, inayolipia zahanati na vituo vya afya; ya bima ya jamii, yaani SHIF, inayolipia hospitali; na ya dharura na maradhi sugu, inayopokea mgonjwa pale bima inapofika kikomo. Utekelezaji ulianza tarehe 1 Oktoba 2024, baada ya Mahakama Kuu kuibatilisha sheria hiyo mwezi wa Julai na Mahakama ya Rufani kuusimamisha uamuzi huo kwa muda. Kuhusu wageni, sheria hii imesema waziwazi kuliko ile iliyotangulia: asiye Mkenya anayeishi nchini kwa muda unaozidi miezi 12 yumo miongoni mwa wachangiaji, na anayekuja kwa muda mfupi kuliko huo anatakiwa awe na bima ya safari. Mpaka uliowekwa ni wa kalenda tu. Hakuna swali la miaka aliyofanya kazi nchini, la kodi aliyolipa, wala la maradhi aliyonayo. Kwa maandishi, mgeni wa miaka 78 anayeishi Nkubu amepewa heshima ambayo mzee wa Nkubu haipati kwa urahisi katika nchi nyingi zilizo tajiri kuliko Kenya.

Ugumu umo katika kupima mapato. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake kabla ya makato mengine, kwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na mwajiri ndiye anayewasilisha. Asiye na mshahara hupimwa kwa kipimo cha uwezo wa kaya, maana yake ni orodha ya maswali juu ya nyumba, maji, choo, nishati ya kupikia, mali na idadi ya wakazi, ambayo majibu yake huingizwa katika hesabu inayokadiria mapato ya kaya, kisha mchango hudaiwa kwa mwaka mzima mbeleni. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya mkulima wa miraa wa Igembe, wa majani chai wa Runyenjes au wa pojo na mtama wa Mbeere, watu wasio na hati ya malipo lakini wenye paa na mifugo inayoonekana. Mtawa mzee anayeishi katika nyumba kubwa ya mawe ambayo si yake, akiwa hana shilingi kwa jina lake, anaweza kuonekana tajiri, huku mstaafu aliyepanga nyumba ya vyumba viwili kando ya mji wa Embu na kupokea pensheni yake katika benki ya ng'ambo akionekana wa kati. Hakuna aliyedanganya kati yao, maana fedha za wote wawili ziko mahali ambapo maswali hayafiki.

Hata hivyo kuna tarakimu moja ambayo dola ya Kenya inaijua. Kibali cha daraja la K, kinachotolewa chini ya sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 kwa mkazi asiyefanya kazi ya kulipwa, humtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 35 na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka. Iwapo asilimia 2.75 ingehesabiwa juu ya kiwango hicho cha chini, mchango ungekuwa dola 660 kwa mwaka, ambazo ni nyingi kwa mizani ya Kenya na chache kwa mizani ya bima ya kibinafsi ya mtu wa miaka 70. Wamisionari, ambao hupewa kibali cha daraja la I kwa kazi za dini na hisani, hawaulizwi mapato ya namna hiyo.

Kile ambacho mgeni huyo anakiacha kwao kinaeleza kwa nini mlango wa Kenya una maana. Mwingereza anayehamia Meru kwa kudumu hupoteza haki ya kutibiwa bure na huduma ya taifa ya afya, NHS, kwa kuwa haki hiyo hufuata ukazi na si uraia wala michango ya miaka iliyopita. Pensheni yake ya serikali humfuata, ila hukwama katika kiwango ilichokuwa nacho alipohama, kwa sababu Kenya si miongoni mwa nchi ambako huongezwa kila mwaka. Mwitalia anayejiandikisha kuwa mkazi wa ng'ambo huondolewa katika huduma ya afya ya taifa, na akirudi kwa muda, kama ni mstaafu, hupata huduma za haraka za hospitali kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Medicare ya Marekani, kwa kanuni yake ya jumla, hailipii matibabu nje ya nchi.

Hospitalini sheria hushuka daraja na kuwa hati na mashine. Mgeni huandikishwa kwa kitambulisho cha mgeni, ambacho kila asiye raia anayekaa zaidi ya siku 90 hutakiwa kuwa nacho, na hutambuliwa kwa alama za vidole, ambazo kwa wazee wengi, hasa waliofanya kazi za mikono, zimelika kiasi kwamba mashine huzisoma kwa shida. Zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya huduma za msingi, kwa hiyo aliyeandikishwa hutibiwa huko hata kama hajachangia. Kuanzia hospitali za ngazi ya nne mchango ndio ufunguo. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, siku moja ya kulazwa ililipiwa shilingi 3,360 katika ngazi ya nne na 3,920 katika ngazi ya tano, ambayo ndiyo ngazi ya hospitali za mafunzo na rufaa za Meru na Embu, na kikao kimoja cha kusafisha damu kwa mwenye maradhi ya figo kililipiwa shilingi 10,650. Kiasi hicho hulipwa kwa hospitali na si kwa mgonjwa, na hospitali ya misheni ambayo gharama zake zinazidi kiwango hicho humdai mgonjwa tofauti.

Kwa mzee wa Meru au Embu aliyekwenda ughaibuni hali ni ya kinyume: huduma ni nyingi na mlango ni mwembamba. Marekani, mwenye kibali cha ukazi wa kudumu aliyefika miaka 65 anaweza kujiunga na Medicare kwa kulipia baada ya kuishi huko miaka mitano mfululizo, lakini sehemu ya hospitali haiwi bila malipo mpaka yeye au mwenzi wake awe amechangia kwa robo mwaka 40, sawa na miaka kumi ya kazi, ambayo bibi aliyeletwa kulea wajukuu hana. Uingereza ilikaza masharti ya wazazi wazee mwezi wa Julai 2012, ikidai ithibitishwe kwamba mzazi anahitaji matunzo ya kila siku yasiyopatikana kwao hata kwa kulipiwa. Anayekuja kwa matembezi hutozwa hospitalini asilimia 150 ya bei ya kawaida. Kanada, kwa viza maalumu ya wazazi iliyoanza Desemba 2011, hudai bima ya kibinafsi ya angalau dola 100,000 za nchi hiyo. Italia humtaka mzazi aliyezidi miaka 65 anayeitwa na mwanawe awe na bima au ajiandikishe kwa hiari katika huduma ya taifa, uandikishaji ambao tangu mwaka 2024 haupungui yuro 2,000 kwa mwaka. Nchini Italia ndiko alikoishi baada ya kustaafu Askofu Silas Silvius Njiru, mzaliwa wa Embu aliyeongoza Jimbo Katoliki la Meru kuanzia 1976 hadi 2004, na ndiko alikofariki, karibu na Torino, mwezi wa Aprili 2020 katika janga la korona. Safari yake ni kinyume kamili cha ile ya Wakonsolata walioanzisha kanisa alilolirithi.

Kwa sababu ya vikwazo hivyo watoto wengi huona heri kumlipia mzazi akiwa nyumbani. Mzazi hahesabiwi kuwa mtegemezi wa mwanawe katika SHA, bali huandikishwa kwa jina lake na kupimwa kwa kaya yake, na mwana aliye ng'ambo humlipia mchango wa mwaka.

Kundi la mwisho halikai vizuri upande wowote. Kabla ya Katiba ya 2010 Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa kwao, na ingawa Ibara ya 14 inamruhusu mzaliwa wa Kenya kuurudisha kwa kuomba, haurudi wenyewe. Muuguzi aliyeapa uraia wa Marekani miaka ya 1990 na kurudi Runyenjes akiwa na miaka 70 bila kuwasilisha ombi hilo, basi, ni mgeni mbele ya sheria katika shamba alilozaliwa: anahitaji kibali cha ukazi na kitambulisho cha mgeni, na miezi yake 12 huanza kuhesabiwa tangu siku aliyopigiwa muhuri uwanja wa ndege.