Kiraka na Barua Chini ya Mlima Wanale

Msafiri atokaye Jinja kwenda Mbale, akiisha kuyaacha nyuma maji ya Nile na kuyapita mabonde ya mpunga na mashamba ya pamba, huuona mlima Wanale kabla hajauona mji: ukuta mrefu wa majabali yenye majani, na maporomoko membamba ya maji yakishuka mithili ya nyuzi nyeupe. Chini ya ukuta huo, katika mabaraza ya maduka, mafundi cherehani huketi tangu asubuhi hata magharibi, na kazi yao si kushona nguo mpya tu, bali aghalabu ni kutia viraka zile zilizochakaa. Pamba ya nchi hii ndiyo iliyokilisha kiwanda cha nguo cha Nytil kilichojengwa Jinja katika miaka ya 1950, karibu na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Basi neno kiraka halikuwa geni mashariki ya Uganda siku lilipokuja na maana nyingine, ile ya maandishi madogo yatiwayo ndani ya msimbo wa programu ya kompyuta ili kuirekebisha. Na mintarafu ya maana hiyo, hasa ilivyofungamana na barua pepe, ndiyo ninayokusudia kusema.

Asili yake ni mbali. Katika maabara ya Bell huko Marekani, mapema miaka ya 1970, Douglas McIlroy na wenzake walitunga programu iitwayo diff, ambayo kazi yake ni kulinganisha maandishi mawili na kutaja mistari iliyohitilafiana tu. Ikapita zaidi ya miaka kumi kabla hajatokea wa kuikamilisha kazi hiyo: mwaka 1985 Larry Wall, yule ambaye baadaye alibuni lugha ya Perl, alitoa programu iitwayo patch, ambayo huipokea orodha ya tofauti na kuitia ndani ya maandishi ya kale hata yakawa sawa na mapya. Tangu hapo mtu aliyerekebisha programu hakuwa na haja ya kumpelekea mwenzake kanzu nzima; alimpelekea kipande cha kitambaa pamoja na maelezo ya mahali pa kukishona. Na kwa kuwa kipande chenyewe ni maandishi matupu, kiliweza kusafiri ndani ya barua, hata programu ya barua ikawa inajiletea dawa yake yenyewe.

Penye laini pana fadhila hiyo ilikuwa ndogo, lakini huku kwetu ilikuwa na uzito. Barua pepe iliingia Uganda mapema miaka ya 1990 kwa mlango wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako mtandao ulioitwa MUKLA, ulioendeshwa na Charles Musisi, ulifuata mfumo wa Fido uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984: barua zilikusanywa na kufungwa kifurushi kimoja, kisha kompyuta ikapiga simu ya ng'ambo kwa dakika chache, ikazipeleka zilizoandikwa na kuzipokea zilizokuja. Intaneti kamili ilifika Kampala katikati ya miaka hiyo. Lakini aliyeitaka toka Mbale, mji ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala, alikuwa bado mtumwa wa modemu na gharama ya simu, naye alihesabu kila dakika.

Taasisi zilipoanza kuweka seva zao wenyewe za barua, programu iliyotawala ilikuwa Sendmail ya Eric Allman, yenye uwezo mwingi na sifa mbaya ya matundu. Ndipo Daniel J. Bernstein, mwanahesabu wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago, alipoandika qmail, iliyokuwa nyepesi kiasi cha kutosheka na kompyuta kuukuu. Naye alikuwa na imani nayo hata mwaka 1997 akaahidi zawadi ya dola 500 kwa yeyote atakayeonyesha tundu la usalama ndani yake. Toleo la 1.03 lilitoka Juni 1998, naye hakulifuatisha jingine. Fauka ya hayo aliweka sharti: ruhusa kuugawa msimbo kama alivyouandika, wala si ruhusa kuugawa uliobadilishwa pasipo idhini yake. Mahitaji ya watu yakaendelea kugeuka, ilhali programu imesimama palepale. Na maadamu haikuruhusiwa kugawa kanzu iliyokwisha kutiwa kiraka, ikabidi kila mwenye kanzu awe fundi wa nafsi yake.

Nitoe mfano mmoja. Qmail itakapo kupeleka barua huuliza kwanza katika daftari la majina ya mtandao, na Bernstein aliyatengea majibu nafasi ya baiti 512, kipimo cha desturi wakati ule. Kampuni kubwa, na mashuhuri katika mkasa huu ni AOL ya Marekani, zilipotoa majibu yaliyozidi kipimo hicho, barua za kuziendea zilikwama foleni, na programu ikatoa udhuru kwamba jina halikupatikana kwa sasa. Tumfikirie basi fundi aketiye Mbale, na mkubwa wake akimlalamikia kwamba barua za Kampala zinafika ilhali za Marekani hazifiki. Dawa ilikuwa kiraka kifupi, cha kuipanua nafasi ile.

Fundi mwenye hadhari hakishoni kabla ya kukisoma. Juu yake huona majina mawili ya faili, la kale na jipya. Chini yake, mstari wenye alama mbili za @ huku na huku, na katikati tarakimu za mahali pa kuanzia. Kisha mistari yenyewe, ambayo ianzayo kwa alama ya kutoa ni ya kuondolewa, ianzayo kwa alama ya kujumlisha ni ya kuingizwa, na isiyo na alama ni majirani tu. Majirani hao ndio siri ya kazi ya Wall, kwa sababu hata mistari ikiwa imesogea, programu huwatafuta, na ikiisha kuwaona hushona hapo, ijapokuwa si pale palipotajwa na tarakimu. Tena yapo majaribio yasiyogusa kitu, yaombwayo kwa kuandika --dry-run, ambayo hutoa majibu yote na kuyaacha mafaili salama. Majibu yakiwa mema, ndipo fundi aondoapo neno lile, akarudia amri, akaijenga programu upya na kuiweka mahali pake.

Taabu ilianza kwa kiraka cha pili. Kila mtungaji alikikata chake kwa kipimo cha toleo la 1.03 lisiloguswa, basi mstari aliouhitaji huyu ulikuwa umekwisha kubadilishwa na yule, na patch ikakataa, ikiandika sehemu zilizoshindikana katika faili ya pembeni yenye jina liishalo kwa .rej. Hapo hapakuwa na msaada wa mashine. Ilimbidi mtu aifungue faili ile, afahamu mtungaji alikusudia nini, kisha atie mistari kwa mkono wake. Ndipo mtu alipojifunza kuhifadhi nakala ya asili, na kuandika daftarini ni kiraka kipi kilichotangulia na kipi kilichofuata.

Elimu hii aghalabu ilipokewa kutoka kwa aliyejua hadi asiyejua, hata yalipoanza mafunzo yaliyopangwa. Jumuiya ya waendesha mitandao wa Afrika, AfNOG, ilianza warsha zake Cape Town mwaka 2000, ikazileta Kampala mwaka 2003. Baadaye watu wachache walivikusanya viraka muhimu pamoja na qmail isiyoguswa katika kifurushi kiitwacho netqmail, ambacho mwenye kukipokea alikishona mwenyewe wakati wa kukifungua, na sharti la Bernstein likaheshimiwa.

Novemba 2007 Bernstein aliiacha qmail iwe mali ya umma, na sharti likaondoka. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, laini za bara zikapanuka, na ofisi nyingi zikaziweka barua zao kwa kampuni kubwa za ng'ambo, ambazo hurekebisha programu zao usiku bila kumwambia mtu. Raha hiyo siikani. Lakini yule aliyelazimika kusoma mistari ya kuondolewa na ya kuingizwa aliijua nguo yake tangu upindo hata ukosi, na leo wengi wetu hatujui hata rangi ya uzi. Fundi cherehani wa Mbale, akipewa shati lililochanika, huligeuza kwanza ndani nje autazame mshono; na kijana atakaye kazi ya kompyuta na afanye vivyo hivyo, asome kwanza, kisha ndipo ashone.