Vinteji ni Toleo la Kale: Istilahi ya Mnunuzi wa Marashi

Neno vinteji limeingia Kenya kwa mlango wa mitumba. Muuzaji akitundika jezi iliyopauka ya miaka ya 90, huiita vinteji, na bei hupanda papo hapo. Kwa nguo neno hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa mnunuzi hushika kitambaa, hukagua mshono, hujipima, kisha huamua. Marashi hayana urahisi huo. Jina lililoandikwa kwenye chupa laweza kubaki lilelile kwa miaka mia moja huku kilichomo ndani kikibadilishwa mara kadhaa, na mnunuzi asiambiwe.

Chukua Emali, mji wa Makueni ambako barabara ya Loitokitok inaungana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Vitunguu, nyanya na mifugo hubadilisha wenyewe hapo, na karibu kila kinachoshushwa bandarini Kilindini kwenda bara kinaupita mji huo kwa lori au kwa reli. Mama wa Emali anayetafuta marashi ya kike yenye jina la siku nyingi, tuseme Chanel No. 5, anaweza kuonyeshwa chupa tatu. Ya kwanza ni mpya, iko ndani ya boksi lake na karatasi ya nailoni haijachanwa. Ya pili imefika nusu, ilikutwa ndani ya mkoba wa mtumba au chini ya sanduku la susu, yaani bibi, aliyefariki. Ya tatu ni ya kupimiwa: kichupa cha mafuta yaliyomiminwa kwa mililita, na jina limeandikwa kwa kalamu juu ya stika.

“Mwaitu, hii ni vinteji, orijino kabisa,” muuzaji anaweza kusema hivyo juu ya zote tatu. Kwa kweli ya kwanza ni klasiki, ya tatu ni mwigo, na ya pili pekee ndiyo yenye uwezekano wa kuwa vinteji. Kuzitenganisha chupa hizi ndiyo kazi ya istilahi.

Asili ya neno lenyewe ni shamba la mizabibu. Lilihusu mavuno ya zabibu, baadaye likawa mwaka wa mavuno ulioandikwa kwenye chupa ya divai. Mwaka huo una maana kwa sababu mvua na jua hubadilisha zabibu za kila msimu. Kutoka kwenye divai neno likahamia kwenye magari, saa, nguo, na mwishowe marashi. Lakini marashi hayatengenezwi kwa mavuno ya mwaka mmoja. Kiwanda hujitahidi chupa ya mwaka huu inukie sawasawa na ya mwaka jana, na mabadiliko yakija huja kwa uamuzi wa watu. Kwa hiyo anayeuliza “ni ya mwaka gani?” yuko karibu na swali lenyewe, ila bado hajalifikia.

Maneno yetu yaliyo karibu hayatoshi. Kuukuu ni kitu kilichochakaa, na chupa njema ya miaka 40 si lazima iwe imechakaa. Mtumba ni kitu kilichotumiwa na mwingine, hali vinteji nyingine hazijawahi kufunguliwa. Marashi ya zamani yanasemeka vizuri, ila yanabeba mambo mawili kwa wakati mmoja: marashi yaliyobuniwa zamani na marashi yaliyotiwa chupani zamani. Shalimar ya Guerlain ilibuniwa mwaka 1925. Ikinunuliwa leo Nairobi ni ya zamani kwa ubunifu, na ni ya juzi kwa utengenezaji.

Pendekezo langu ni kulichukua neno ambalo wasomaji wanalo tayari kutoka kwenye vitabu: toleo. Kitabu hubaki na jina na mwandishi wake, huku toleo la tatu likiwa limepunguzwa sura au kusahihishwa. Marashi nayo ndivyo yalivyo. Vinteji, basi, ni toleo la kale: marashi yaliyotiwa chupani kabla fomula yake haijarekebishwa. Yanayouzwa sasa kwa jina hilohilo ni toleo la sasa. Klasiki ni sifa ya ubunifu uliodumu, liwe toleo lolote. Mwigo ni harufu iliyofananishwa, iwe imeuzwa kwa uwazi kama ile ya kupimiwa au kwa udanganyifu kama feki.

Fomula hurekebishwa kwa nini? Sababu ya kwanza ni usalama wa ngozi. Chama cha kimataifa cha watengenezaji wa manukato, IFRA, kilianzishwa mwaka 1973, na tangu hapo kimekuwa kikitoa viwango vya malighafi zinazowasha ngozi au kuleta mzio. Umoja wa Ulaya nao una sheria zake. Mfano mashuhuri ni likeni inayoota kwenye mialoni, yenye harufu ya msitu uliolowa. Ndiyo nguzo ya Mitsouko, aliyoitunga Jacques Guerlain mwaka 1919 kwa kuichanganya na harufu ya pichi. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali mbili zilizomo ndani ya likeni hiyo, atranoli na kloroatranoli, na kufikia Agosti 2021 bidhaa zenye kemikali hizo zilipaswa kuwa zimeondoka madukani. Likeni iliyosafishwa bado inatumika. Hata hivyo, aliyezoea Mitsouko ya miaka ya 60 atakuambia kuna kitu kimepungua.

Sababu ya pili ni uhaba. Sandali ya Mysore, India, iliyokuwa mwili wa marashi mengi ya karne ya 20, ilikatwa hadi ikawa adimu na ghali. Mkono wa biashara ukaja hadi kwetu: msandali wa Afrika Mashariki hubeba mafuta yake kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi, kwa hiyo mvunaji haukati tu, huung'oa mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES. Zabadi, yaani ute wa fungo ambao kwa muda mrefu umetoka Ethiopia, nayo imeiachia nafasi zabadi ya maabara kwa kuwahurumia wanyama wanaofungiwa vizimbani. Shalimar ya kale ilikuwa na zabadi ya mnyama, na ndiyo iliyoupa utamu wa vanila joto la mwili.

Sababu ya tatu ni ya kibiashara: kampuni imeuzwa, gharama zinapunguzwa, au vijana wanataka harufu nyepesi. Hapa ndipo jina linapoweza kupotosha kabisa. Miss Dior ilitoka mwaka 1947, ikiwa na ukali wa majani mabichi na likeni ya mwaloni. Mwaka 2005 kampuni ikatoa Miss Dior Chérie, marashi matamu ya aina nyingine. Mwaka 2011 Chérie ikapewa jina la Miss Dior, na ile ya 1947 ikasogezwa pembeni kwa jina la Miss Dior Originale. Binti anayemnunulia mamake Miss Dior leo, akidhani ni ile ya ujana wake, hamnunulii hata toleo jingine la kitabu kilekile. Anamnunulia kitabu kingine chenye jalada linalofanana.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani habari hizi ni za Paris peke yake. No. 5, iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921, ina langilangi, ua ambalo Visiwa vya Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wake wakuu. Eujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, ndiyo hutumika kuunda harufu ya maua ya karnesheni, na L'Air du Temps ya Nina Ricci, iliyotungwa na Francis Fabron mwaka 1948, inasimama juu ya harufu hiyo. Anayepita karibu na kiwanda cha mafuta ya makonyo pale Wawi, Chake Chake, anaijua tayari sehemu mojawapo ya marashi yale.

Toleo ni jambo moja na umri ni jingine, na hapa wengi huchanganya. Toleo la kale laweza kuwa zima au limeharibika. Ili kuelewa kinachoharibika, nunua chungwa sokoni Emali, limenye, kisha ubinye ganda karibu na pua. Harufu inaruka kali na safi, na muda si mrefu imekwisha. Mafuta ya ganda la bergamoti, ndugu wa chungwa, ndiyo yanayofungua Shalimar na marashi mengine mengi ya kale. Hii ndiyo harufu ya mwanzo, nayo ndiyo hutangulia kufa ndani ya chupa. Harufu ya kati, ya maua, hufuata. Harufu ya mwisho, yenye vanila, sandali, ubani na manemane, ndiyo yenye uvumilivu, nayo huweza kukaa miongo mingi.

Maadui wa chupa ni watatu: mwanga, joto na hewa. Huko Versailles, Ufaransa, kuna hazina ya marashi iitwayo Osmothèque, iliyofunguliwa mwaka 1990, inayohifadhi hata marashi ambayo hayatengenezwi tena, kama Chypre ya François Coty ya mwaka 1917. Marashi huwekwa gizani kwenye nyuzijoto 12 za selsiasi, na nafasi iliyo juu yake chupani hujazwa gesi ya agoni ili oksijeni isiyaguse. Sasa fikiria chupa iliyopangwa kwenye rafu ya dirishani, ndani ya duka la mabati, katika kiangazi cha Ukambani. Huenda ina umri wa miaka mitatu tu na imekwisha kuharibika, wakati ile ya susu, iliyolala miaka 35 chini ya vitenge ndani ya sanduku, ikawa nzima.

Utalitambuaje toleo? Anza na boksi. Mwaka 2005 sheria ya Ulaya ilianza kutaka vizio 26 vitajwe kwenye lebo vikizidi kiwango fulani. Ukiona orodha ndefu yenye majina kama linalool, limonene na eugenol, boksi hilo kwa kawaida ni la miaka hiyo au baadaye. Lisipokuwa na orodha wala mistari ya msimbopau, uwezekano wa ukale unaongezeka. Tazama pia aina ya ukolezi: No. 5 ya eau de parfum ilianza kuuzwa mwaka 1986, kwa hiyo anayekuambia chupa yenye maneno hayo ni ya miaka ya 60 ama hajui ama anakudanganya. Boksi likiwa limepotea, kagua chini ya chupa, kizibo na namna jina lilivyochapwa, ulinganishe na picha za matangazo ya zamani.

Kisha nusa, na usiwe na haraka. Rangi iliyokolea pekee si ushahidi wa kuharibika, maana vanila na maua ya asumini huyafanya marashi yawe meusi kidogo kadiri miaka inavyopita. Tia tone moja kwenye karatasi. Dakika za kwanza huenda ukapata harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hiyo ni harufu ya mwanzo iliyokufa. Subiri nusu saa. Harufu ikitulia na kuwa nzuri, chupa ina uhai. Ikiwa bado inanukia siki au mafuta yaliyochacha, irudishe. Ukiridhika, ijaribu kwenye ngozi kwa tone dogo, kwa kuwa malighafi zilizopunguzwa na sheria bado zimo mle.

Kwa anayeanza, busara ni kuchagua marashi mazito ya utomvu na viungo, kwa sababu ndiyo yanayostahimili: Shalimar, Tabu ya mwaka 1932, Youth-Dew ya mwaka 1953, Opium ya Yves Saint Laurent ya mwaka 1977. Kolonya na maua mepesi ya kale ni bahati nasibu, hasa chupa ikiwa imefika nusu na hewa imeshika nafasi. Chupa ya kupuliza, ambayo haifunguliwi, kwa kawaida hutunza vizuri kuliko ya kizibo. Na kabla ya kulipa bei ya chupa nzima, omba upimiwe mililita mbili. Desturi hiyo ya kupimiwa, inayotumiwa kuuzia mwigo, ndiyo hiyohiyo njia bora ya kulionja toleo la kale.

Kama kamusi ingekuwa na nafasi, ingizo lingesomeka hivi: toleo la kale, nm. marashi yaliyotiwa chupani kabla ya fomula yake kurekebishwa. Linganisha toleo la sasa, klasiki, mwigo. Sokoni neno vinteji litaendelea kutumika, wala hakuna haja ya kuligombeza. Mnunuzi atakapoambiwa “hii ni vinteji,” na aulize: “Ni toleo gani, mwanangu, na boksi lake liko wapi?” Muuzaji anayejua bidhaa yake atakuwa na la kujibu. Asiyejua atapunguza bei.