Vipima mionzi vya mkononi: kutegemeka kwake Masisi na Walikale

Vipima mionzi vya mkononi ni vifaa vinavyobebwa ili kupima mionzi ya gama, na baadhi yake alfa na beta, papo hapo kazi inapofanyika. Katika Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vinahitajika hasa kwa sababu ya madini ya koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, ambayo fuwele zake hubeba urani na thori. Kasiteriti, madini ya bati yaliyoupa sifa mgodi wa Bisie wilayani Walikale, kwa kawaida ina mionzi kidogo zaidi, isipokuwa ikichanganyika na koltani.

Viwango vinavyohusika

Utafiti wa A. O. Mustapha na wenzake kuhusu wachimbaji wadogo wa koltani mashariki mwa Kongo, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa kusaga na kuchekecha madini hayo kunaweza kumpa mtu dozi ya mionzi ya wastani wa hadi milisiverti 18 kwa mwaka. Kikomo cha kimataifa kwa wafanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na kwa raia wa kawaida ni 1.

Katika usafirishaji, kanuni za Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huhesabu madini asilia kuwa shehena ya mionzi yanapozidi nguvu ya mionzi ya bekereli 10 kwa gramu kwa urani au thori iliyo pamoja na vizalia vyake. Oksidi ya urani ya asilimia 0.1 tu inatosha kufikia kiwango hicho.

Aina na udhaifu wake

*Mrija wa Geiger-Müller* ni wa bei nafuu na imara, ndiyo maana umeenea. Usipokuwa na kichujio cha kusawazisha nishati, huzidisha usomaji wa gama hafifu. Penye mionzi mikali sana mrija huzidiwa, na baadhi ya miundo ya zamani hurudi karibu na sifuri palipo na hatari kubwa.

*Kifaa cha sintilesheni* chenye fuwele ya iodidi ya sodiamu huhisi haraka zaidi. Hata hivyo fuwele hiyo hunyonya unyevu kifuniko kikivuja, jambo la kuangaliwa katika misitu ya Walikale. Usomaji hubadilika na joto, na mishtuko ya barabara mbovu huweza kuvunja sehemu zake za ndani.

*Chemba ya ayoni* hupima dozi kwa usawa mzuri katika nishati mbalimbali. Ile iliyo wazi kwa hewa hutegemea msongamano wa hewa hiyo: kwenye mwinuko wa mita 2,000, kama ule wa milima ya Masisi, husoma pungufu kwa takriban asilimia 20 isiporekebishwa.

Makosa ya upimaji

Mionzi hutoka kwa kubahatisha, hivyo muda wa kupima huamua usahihi: mapigo 100 yana shaka ya asilimia 10, na mapigo 400 asilimia 5. Umbali nao ni sharti uandikwe, maana usomaji kwenye ngozi ya gunia si ule wa mita moja. Aidha, mikrosiverti kwa saa haziwezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa bekereli kwa gramu, kwani ukubwa wa gunia na madini yenyewe huzuia sehemu ya mionzi. Jibu la kisheria kuhusu shehena hutoka maabara. Kipima gama pia hakionyeshi gesi ya radoni shimoni wala vumbi linalovutwa na mchekechaji.

Uhakiki

Kwa desturi kifaa hulinganishwa na chanzo chenye nguvu inayojulikana kila mwaka, na hujaribiwa kwa chanzo kidogo kabla ya kila kazi, pamoja na kukaguliwa betri. Kongo ina sheria namba 017/2002 ya kinga dhidi ya mionzi. Hata hivyo, wataalamu wa atomiki wa serikali wana makao Kinshasa, mbali sana na migodi. Kwa upande wa Afrika Mashariki, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina maabara ya viwango ya kulinganishia vifaa hivyo mjini Arusha.

Kwa hiyo kipima cha mkononi kinategemewa kutenga gunia la kutiliwa shaka na kuonya mahali pa hatari. Hakitoshi kutoa cheti cha shehena, wala kuthibitisha kuwa mchimbaji yuko salama.