Gundi Inayojua Kuachia

Utando angavu unaobandikwa kwenye pua ya gari ili kokoto zisiibabue rangi husimuliwa kama hadithi ya plastiki na vita. Masimulizi hayo huanzia Vietnam katika miaka ya 1960, kwenye helikopta za jeshi la Marekani, na kuishia kwenye boneti za magari ya fahari. Hayana uongo, ila yameanzia katikati ya safari. Anayetaka kujua kwa nini kinga hii ilichelewa hivyo kumfikia mwenye gari la kawaida sharti arudi nyuma zaidi, hadi kwenye gereji za kupaka rangi za mji wa St. Paul, jimbo la Minnesota, mwaka 1923, na aitazame gundi kabla ya kuitazama plastiki. Nashikilia kwamba kitu cha kuhimili jiwe kilipatikana mapema. Kilichosumbua watu kwa miongo mingi ni kupata kitu kitakachoishika rangi imara, kisha siku ya kubanduliwa kiiachie ilivyokuwa.

Miaka hiyo ya 1920 upakaji wa magari ulikuwa unageuka. Vanishi za zamani, zilizorithiwa kutoka kwa mafundi wa magari ya farasi, zilipakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, na gari lingeweza kukaa wiki kadhaa likisubiri kukauka. Kisha zikaja rangi za kukauka haraka kama Duco ya kampuni ya DuPont, zikipulizwa kwa bomba, na magari ya rangi mbili yakashika kasi ya fasheni. Brashi hufuata mstari kwa mkono wa fundi, lakini bomba hutawanya rangi kila upande, kwa hiyo ilibidi sehemu moja ifunikwe wakati nyingine ikipulizwa. Mafundi walitumia karatasi nzito za buchani, wakazishikiza kwa gundi au kwa plasta za kufungia vidonda. Walipozitoa, rangi mpya ilitoka nazo, na kazi ikarudi mwanzo. Richard Drew, kijana wa maabara katika kampuni ya 3M iliyokuwa ikitengeneza msasa, alikuwa amepeleka sampuli za msasa wa kampuni yake gereji alipoyaona mateso hayo. Wakubwa wake walimtaka aachane na jambo hilo arudi kwenye msasa, naye hakuacha. Mwaka 1925 alitoa utepe wa karatasi yenye mikunjomikunjo uliopakwa gundi ya seremala iliyochanganywa na gliserini ili isikauke ikawa ngumu. Ulishika kwa kubonyezwa na kutoka kwa kuvutwa. Miaka mitano baadaye akatoa utepe angavu wa selofani, ule ambao hadi leo umo ndani ya droo za ofisi.

Naung'ang'ania mwaka 1925 kwa sababu utepe huo ndio uliotambua kwa mara ya kwanza kwamba kwenye gari rangi ni upande dhaifu wa mapatano. Gundi kali mno inaweza kuishinda. Ustadi umo katika kuipa gundi nguvu ya kutosha tu, isiyozidi ile iliyoiunganisha rangi na bati.

Tatizo la helikopta lilikuwa la namna nyingine kabisa. Pangaboi la helikopta ya UH-1 lilikuwa na kipenyo cha takriban mita 14.6 na lilizunguka mara 324 kwa dakika, hivyo ncha zake zilipita hewani kwa karibu mita 250 kila sekunde. Kila ilipotua au kupaa kutoka uwanja usio na lami, vumbi jekundu lilinyanyuka na kuula ukingo wa mbele wa mapanga kama msasa unavyokula mbao. Jibu lililopatikana lilikuwa utepe wa poliurethani, plastiki ya jamii iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Siri yake ni kubonyea. Bati ngumu hupigwa na chembe ya mchanga ikameguka kidogo kidogo, ilhali plastiki hii huupokea mgongano kwa kunyumbuka, kisha hurudi ilivyokuwa. Timu za mbio za magari za Marekani ziliupenda utepe huo, na waendesha baiskeli wa mashindano hadi leo huuita utepe wa helikopta.

Hapa ndipo atakapoinuka mwenye kupinga, na hoja yake ina uzito: bila poliurethani hakuna kinga, kwa hiyo heshima ni ya plastiki. Nakubali nusu. Plastiki hiyo ilikuwepo tayari wakati wenye magari ya thamani Marekani, katika miaka ya 1980, walipokuwa bado wakiyavisha magari yao vifuniko vya ngozi bandia, vilivyofungwa kuanzia bampa hadi nusu ya boneti. Vilizuia mawe vizuri sana. Lakini maji na mchanga viliingia chini yake, kifuniko kikapepea kwa upepo na kusugua, na mwenye gari alipokivua alikuta rangi imefifia na kukwaruzika mahali palepale alipodhani amepalinda. Kwa nini hakubandika utepe wa helikopta? Kwa sababu ule ulitengenezwa kwa ajili ya pangaboi, ambalo halihukumiwi kwa mng'ao wala kwa hali ya rangi iliyo chini ya utepe. Hata tando za mwanzo zilizouzwa kwa wenye magari ziligeuka manjano juani. Poliurethani za jamii ya aromatiki hubadilika rangi kwa mionzi ya jua. Ilibidi watengenezaji wahamie zile za alifatiki, ambazo huvumilia, na kuongeza juu yake tabaka jembamba la kuzuia lami na mabaki ya wadudu. Baadaye tabaka hilo likapewa uwezo wa kuziba mikwaruzo midogo likipashwa moto na jua au maji ya vuguvugu. Maendeleo hayo yote yalikuwa ya sura ya juu. Upande wa chini, kanuni ilibaki ya Drew, ingawa sasa gundi ni ya akriliki. Fundi hunyunyiza maji ya sabuni ili utando uteleze hadi mahali pake, husukuma maji nje kwa kipande cha mpira, na gundi hushika kwa kubonyezwa. Siku ya kuubandua huupasha moto na kuuvuta polepole, karibu ulale juu ya bati.

Wengine husema kinga hii ni anasa, na kwamba babu zetu walitosheka na nta. Bei yake si ndogo, hilo ni kweli, na wateja wa kwanza walikuwa matajiri. Ila nta hung'arisha na kufukuza maji; mbele ya jiwe haina lolote. Tena vanishi angavu ya gari la leo haizidi sana sehemu 5 za mia za milimita, na rangi yote pamoja na tabaka zake za chini ni kama milimita 0.1 hadi 0.15. Utando wenyewe una takriban milimita 0.2, yaani ni mnene kuliko rangi yote inayoulinda. Na kasi ya gari ikiongezeka maradufu, nishati ya pigo la kokoto huongezeka mara nne. Barabara kuu za lami, zilizotuondolea vumbi, ndizo zilizotuletea mwendo huo.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko wote unapatikana pale utando unaposhindwa. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, ikashikamana na bati barabara. Gari lililopakwa upya gereji halipati joto hilo, kwa kuwa vipande vya plastiki na nyaya vingeungua, na mara nyingi bati yake haikuandaliwa vyema kabla ya kupulizwa. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa yamewahi kupakwa upya bampa au boneti, na huenda mnunuzi hajui. Ndiyo maana fundi makini hupima unene wa rangi kabla ya kugusa utando wa zamani. Akikosea, huvuta na rangi ikaja imeng'ang'ania gundi, vipande kwa vipande hadi bati ikaonekana, kama ilivyowatokea wale mafundi wa St. Paul na karatasi zao za buchani.