Divai ya Zamani Kabatini mwa Sakristia: Je, Yafaa kwa Misa Takatifu?

Katika parokia kongwe za Jimbo letu la Morogoro hutokea mara kwa mara kwamba, wakati wa usafi wa sakristia au makabidhiano ya nyumba ya mapadre, chupa za divai za miaka mingi huonekana nyuma ya kabati. Jambo hili si la ajabu. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1897 walikuwa tayari wamefungua misheni ya Matombo, katika Milima ya Uluguru. Siku zile divai ilivuka bahari, kisha ikapandishwa milimani kwa vichwa vya wapagazi, haikutupwa ovyo. Desturi ya kuitunza imebaki. Familia za wakristo wa zamani nazo pengine hurithi chupa, kisha huzileta kanisani kama zawadi. Swali linalofuata ni moja: je, divai hiyo bado yafaa?

Kanisa ladai nini

Kanuni ya 924 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 yataka divai ya Ekaristi iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 yaongeza kwamba divai ambayo ukweli wake au asili yake ina mashaka hairuhusiwi kabisa. Sababu yake ni nzito. Bila divai ya kweli hakuna mageuzo ya kalisi, na waamini walioshuka na kupanda vilima kuja kanisani, pamoja na marehemu wanaoombewa, wana haki ya kupewa Sadaka iliyo halali bila shaka yoyote.

Hivyo tutofautishe maswali mawili. La kwanza ni kama divai yanyweka. La pili ni kama yafaa altareni. Divai yaweza kunyweka mezani, na bado isifae altareni kwa kuwa asili yake haijulikani.

Umri si kasoro

Divai haiharibiki kwa sababu ya miaka peke yake. Huharibiwa hasa na hewa na joto. Hewa ikipenya kwenye kizibo, bakteria hugeuza kilevi kuwa siki. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kufundisha kwamba siki si maada ya Sakramenti. Divai iliyoanza kuchachuka bado ni divai, lakini anayeitumia kwa makusudi hutenda dhambi.

Divai nyingi za kawaida hutengenezwa ili zinywewe ndani ya miaka michache. Zile zilizoongezewa pombe kali ya zabibu hudumu zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 Roma iliruhusu nyongeza hiyo kwa ajili ya kuhifadhi divai ya Misa, mradi pombe hiyo itokane na zabibu na kiasi cha kilevi kisizidi asilimia 18. Ndiyo maana chupa mbili za mwaka mmoja zaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Namna ya kupima

Kwanza, tusome lebo. Isiposomeka, au muhuri ukiwa umevunjwa, tusionje kamwe. Sote twajua kwamba katika nyumba zetu chupa tupu hutiwa mafuta ya taa, dawa ya mifugo au kiuatilifu. Tukumbuke pia kwamba divai ya rosela, ya ndizi au ya nanasi, hata iwe tamu namna gani, si maada ya Ekaristi.

Pili, tuishike chupa kwenye mwanga. Divai ikiwa imepungua na kushuka chini ya shingo ya chupa, hewa imeingia. Divai nyeupe iliyogeuka kahawia, au nyekundu iliyopauka kama chai, imezeeka mno. Lakini mashapo chini ya chupa, au chembe zinazong'aa kama chumvi, havina madhara. Chupa isimamishwe siku nzima, kisha divai imiminwe taratibu.

Tatu, tuifungue. Chupa za kabla ya miaka ya 1990 mara nyingi zilifunikwa kwa karatasi ya risasi, ambayo ni sumu. Iondolewe yote, na mdomo wa chupa ufutwe kwa kitambaa chenye maji. Kisha tunuse. Harufu kali ya siki yatosha kuamua. Isipokuwapo, padre aonje kidogo kabla ya Misa, wala si wakati wa Misa.

Padre akitambua kabla ya mageuzo kwamba kalisini mna siki, aiondoe na kuweka divai safi. Akitambua baadaye, aweke divai safi na maji kidogo, aseme maneno ya mageuzo ya kalisi, wala halazimiki kurudia yale ya mkate.

Utunzaji

Joto la mjini Morogoro si baridi ya Mgeta. Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe, mahali penye giza, mbali na bati na jiko. Chupa iliyofunguliwa ihifadhiwe kwenye jokofu na itumike ndani ya siku chache. Kwa vigango vinavyopata Misa mara moja kwa mwezi, chupa ndogo zafaa zaidi. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo hatuna dhiki ya kutulazimisha kubahatisha kwa chupa ya zamani.

Mwamini aliyerithi chupa ampelekee Baba Paroko na kumweleza kwa ukweli ilikotoka na ilivyotunzwa. Paroko akibaki na shaka, aitenge na altare. Divai isiyowekwa wakfu ni kinywaji cha kawaida, haihitaji ibada yoyote ya kuiondoa. Ikiwa imegeuka siki na asili yake yajulikana, yaweza kwenda jikoni. Vinginevyo imwagwe ardhini. Mtoaji aelezwe kwa upole kwamba zawadi yake haikudharauliwa.