Siku Wakubwa Wawili Walifukuzana: Kiongozi Achaguliwe na Bunge ao na Wananchi?



Kila mara tukikaa kuzungumza siasa, swali moja linarudi: ni afadhali kiongozi achaguliwe na wabunge, ao na wananchi wenyewe? Mmoja anatoa mfano wa Ubelgiji, mwingine wa Marekani. Lakini hatuna lazima ya kwenda mbali. Inchi yetu imekwisha kujaribu njia zote mbili.

Tuanze na maana. Katika mfumo wa bunge, raia wanachagua wabunge, halafu upande wenye wabunge wengi unatoa Waziri wa Kwanza. Yeye njo anaongoza kweli. Mfalme ao Raisi anatia sahihi tu. Siku wabunge hawamwamini tena, anatoka. Katika mfumo wa uraisi, Raisi ana kura yake na muda wake uliopangwa. Bunge haliwezi kumwondoa kwa sababu tu halipendi siasa yake.

Sasa turudi mu 1960. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilipigiwa kura na Bunge la Ubelgiji. Wabelgiji walitushonea nguo kwa kipimo cha kwao: Raisi mahali pa mfalme, na Waziri wa Kwanza mwenye mamlaka. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano, MNC ya Lumumba ilitoka ya kwanza, lakini na viti 33 tu juu ya 137. Ilibidi kuungana na wengine. Mwezi wa sita, Baraza la Wabunge likaipa serikali ya Lumumba imani kwa kura 74, na Baraza pamoja na Seneti wakamchagua Kasa-Vubu kuwa Raisi.

Shida ilikuwa ndani ya kifungu cha 22: Raisi anamweka Waziri wa Kwanza na anamwondoa. Ubelgiji vilevile mfalme ana haki hiyo kwenye karatasi, lakini desturi ya miaka mingi inamzuia kuitumia peke yake. Kwetu desturi ilikuwa bado kuzaliwa. Uhuru ulikuwa na miezi miwili tu.

Tarehe 5 Septemba 1960, Kasa-Vubu akatangaza kwenye radio kwamba Lumumba ameondolewa. Usiku uleule Lumumba naye akaenda kwenye radio kusema Kasa-Vubu si Raisi tena. Kasa-Vubu alikuwa na kifungu cha 22, pamoja na sahihi ya mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux. Lumumba alikuwa na Bunge: tarehe 7 Baraza la Wabunge likafuta maamuzi yote mawili, na tarehe 8 Seneti ikasimama upande wake. Nani angeamua? Mahakama ya katiba ilikuwa imeandikwa katika sheria, lakini haikuwa bado kuundwa. Tarehe 14, Kanali Mobutu akaamua kwa nguvu ya jeshi. Lumumba akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.

Mtu atasema: ule ulikuwa ugomvi wa watu wawili tu. Hapana. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilimpa Raisi nguvu zaidi. Mwaka uliofuata, muungano wa Tshombe ukapata wabunge wengi, lakini Kasa-Vubu akamfukuza tarehe 13 Oktoba 1965 na kumweka Kimba. Bunge likamkataa Kimba. Raisi akamteua tena Kimba yuleyule! Tarehe 24 Novemba Mobutu akachukua inchi. Hadithi ni ileile, na tena mwamuzi alikosekana.

Dawa ya Mobutu ilikuwa nyepesi: wakubwa wawili wanagombana, basi abaki mmoja. Mu 1966 akafuta kazi ya Waziri wa Kwanza, na Katiba ya 1967 ikaleta uraisi wenye nguvu. Ugomvi wa juu uliisha kweli. Lakini mu 1970, raia walipoitwa kuchagua Raisi, mgombea alikuwa mmoja. Kura ilikuwa ya wananchi, ila kuchagua hakukuwamo. Bunge lilikuwapo, lakini chini ya chama kimoja. Hakuna aliyeweza kumwambia Raisi «toka», na ikadumu miaka 32.

Katiba ya 2006 ilitafuta njia ya katikati: Raisi anatoka kwa wananchi, Waziri wa Kwanza anatoka kwenye wingi wa Bunge. Wa kwanza kuteuliwa chini yake alikuwa Antoine Gizenga, yule aliyekuwa makamu wa Lumumba mu 1960! Kisha 2019 ikaleta tena Raisi upande huu na wingi wa Bunge upande ule. Muungano wao ukavunjika Desemba 2020, na Januari 2021 wabunge wakaangusha serikali ya Ilunkamba. Watu walilalamika sana juu ya wabunge waliohama kambi, na wana haki ya kulalamika. Lakini safari hii ugomvi uliishia kwa kura ndani ya Bunge, hakuna kanali aliyekwenda kwenye radio.

Basi wandugu, kabla ya kusema «mimi napenda mfumo huu», tuulize kwanza: nani anamweka kiongozi, nani anaweza kumwondoa, na wakigombana, nani anaamua? Mu 1960 na 1965 swali la tatu lilikosa jibu. Mu 1970 la pili. Mfumo wowote usiojibu yote matatu, hata ukiwa na jina zuri, tumekwisha kuona unatupeleka wapi.